Nyota Moja ya Mtani

Siku Mama Oliva alipoambiwa kwamba wageni wa kizungu hawataki televisheni, alidhani binti yake amechanganyikiwa kwa kusoma sana.

"Hawataki kabisa?"

"Hawataki, Mama."

"Na feni?"

"Wanataka upepo."

"Na lile zulia la manyoya nililolifuata mpaka Kariakoo?"

Oliva akatazama chini. Mama Oliva akaelewa kwamba na zulia nalo limekwisha hukumiwa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Dominika, ila Newala ilikuwa imekwisha kulisahau. Loji yake, iliyoitwa Mwinuko, ilikuwa na vyumba vinane, na ilisimama kwenye ukingo wa nyanda, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini likiwa kijani mpaka macho yachoke. Aliijenga kwa miaka kumi na miwili tangu alipofiwa na mume, msimu wa korosho huu ukuta, msimu ule bati. Kila chumba alikitia televisheni, maua ya plastiki na blanketi zito lenye picha ya simba. Sasa Oliva alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya hoteli na utalii, na televisheni zote nane zilishushwa siku moja zikapangwa stoo kama wanafunzi waliofukuzwa ada.

"Utalii wa dunia umebadilika," Oliva alimweleza. "Zamani mgeni alilipia kitanda. Siku hizi analipia uzoefu."

"Uzoefu wa nini?"

"Wa maisha yetu. Kutwanga. Kuchimba ming'oko porini. Kuteka maji."

"Mtu apande ndege siku mbili aje kuteka maji Newala?"

"Na kuteka maji analipia pembeni."

Mama Oliva, ambaye utoto wake wote aliteremka bondeni na ndoo kichwani na kupanda nayo bila hata asante, ilibidi akae. "Kumbe Mungu alinipa utalii tangu nina miaka sita," alisema, "nami nikawa nalia."

Angeweza kumbishia binti yake mwaka mzima, lakini mwaka hakuwa nao. Kiwanja kilikuwa cha ukoo, cha upande wa mama kama ilivyo kwa Wamakonde, na msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake, Anderson, mtu wa korosho kuanzia unyayo mpaka utosi. Anderson alikuwa ametazama vyumba vinane vilivyokaa vitupu miezi minne akaona magunia elfu moja yaliyokosa pa kulala. Basi aliwaita watu wa ukoo, akasimama, akasema: "Lori langu la kwanza la msimu likipanda hapa nikikuta chumba hata kimoja kitupu, nabomoa kuta za katikati, nageuza ghala. Nikikuta vimejaa vyote vinane, sitalisema jambo hili tena mpaka nife." Watu wa ukoo wakaitikia. Mama Oliva naye, kwa kiburi cha mwenye nyumba, akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Lori lilitarajiwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba.

Ndipo stashahada ilipoanza kulipa. Oliva aliiandikisha Mwinuko kwenye Lalapo, mtandao ambamo watu wa dunia nzima hutafuta mahali pa kulala na kisha kupatolea maksi, kama walimu. Wageni saba wa kwanza walitoa maksi nzuri: Mwinuko ikapata nane nukta sita kwa kumi. Halafu ikaja barua kutoka kampuni moja ya ng'ambo. Walikuwa na kundi la watu kumi na sita, wa kujaza vyumba vyote vinane kwa wiki tatu, na wangefika Jumamosi, siku mbili kabla ya lori.

"Ni watalii wa polepole," Oliva alisema kwa furaha.

"Wazee?"

"Hapana. Wanapenda tu kutokuwa na haraka."

"Basi kwetu wamefika."

Kampuni ilikuwa na sharti moja: maksi za Lalapo zisishuke chini ya nane. Oliva akaweka kadi juu ya kila mto: *Mgeni wetu mpendwa, tuandikie maoni yako ya kweli.* Na mlangoni akatundika kibao alichokinakili kutoka kwenye daftari la chuo: *Mizigo ya biashara hairuhusiwi ndani.* Kila kitu kikawa cha kiwango.

Hapo ndipo alipopita Mrisho.

Mrisho alikuwa Myao wa Masasi, muuza magodoro, mtani wa Mama Oliva tangu enzi za wazazi wao. Alikuwa amepanda Newala na gari lake la magodoro kwa harusi ya huko Makote, akalala Mwinuko siku moja, akanywa supu, akaondoka akiimba. Mtu muungwana, akiombwa maoni hawezi kunyamaza. Siku mbili baadaye Oliva alikuja jikoni na simu mkononi, uso umempauka kama unga wa muhogo.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Soma."

Oliva akasoma:

"*Nimelala kwa Wamakonde usiku mmoja, nimeamka nimezeeka miaka kumi. Maji ya kuoga walinipimia kwa kikombe cha chai, kisha wakasimama mlangoni wakisubiri niwarudishie yaliyobaki. Chumba namba nne ni kaburi lenye shuka: nililala chali, nikakunja mikono, nikawangoja malaika. Supu ya asubuhi ilikuwa na mkia. Nilipouliza wa nani, nikajibiwa mwenyewe katoka kidogo. Na mwenye nyumba ni mkali, hata mende wanabisha hodi. Nyota moja, na hiyo nayo nilitaka nibaki nayo. Nitarudi mwezi ujao. Mrisho, Masasi.*"

Kisha Mama Oliva akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka khanga ikamvuka, machozi yakamtiririka.

"Mende wanabisha hodi!" alisema alipopata pumzi. "Filemoni! Njoo usikie Myao alivyotutukana!"

Filemoni, mpishi, akaja na mwiko. Akasomewa. Iliposomwa ya mkia akaangukia kiroba cha mkaa kwa kicheko.

"Ichapishe," Mama Oliva akaamuru. "Tuibandike mapokezi."

"Mama," Oliva alisema, "maksi zimeshuka. Tuko saba nukta nane."

"Kwa ajili ya haya? Si amesema atarudi?"

"Kompyuta haisomi atarudi. Inasoma nyota."

Na kampuni nayo ilikuwa imesoma. Barua yao ilifika jioni ile ile, na kwa kuwa walipenda kuheshimu lugha za wenyeji, waliitia kwenye mashine ikaifasiri kwa Kiswahili. Oliva aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani alioanguka.

"*Mpendwa Meneja. Sisi ni wenye kusumbuka kwa kina. Mgeni amezeeka miaka kumi ndani ya kituo chako. Tafadhali thibitisha kaburi lipo ghorofa gani. Mkia ni wa mnyama yupi na je, kuna chaguo la wasiokula nyama? Kama maksi hazitarudi nane kufikia Ijumaa, kundi litaelekezwa pengine.*"

Mama Oliva hakucheka tena. Aliangalia ukuta wa jikoni, ule alioujenga msimu bei ilipokuwa nzuri, akaona kama nyundo ya Anderson imekwisha kuugusa.

"Kesho tunashuka Masasi," alisema.

Duka la Mrisho lilikuwa karibu na stendi, magodoro yamepangwa mpaka barabarani, naye mwenyewe amekaa juu kabisa ya lundo, akipima kitambaa cha foronya. Aliwaona kwa mbali.

"Masasi tumekwisha! Nani kawafungulia hawa?"

"Nilisikia harufu ya Myao nikaifuata," Mama Oliva akajibu.

"Mji mzima ndiyo harufu hiyo. Ungepotea."

"Shikamoo, Baba Hajira," Oliva alisema.

"Marahaba, mchumba. Mama yako umemleta kumuuza? Sina chenji."

Walikaa. Wakaletewa soda. Mama Oliva aliizungusha chupa mkononi, maana alichokuja kukiomba hakuwahi kukiomba maishani, wala hakumjua mtu aliyewahi.

"Baba Hajira. Yale maneno uliyoandika."

Uso wa Mrisho ukang'aa. "Yamekufikia? Nilikaa nayo siku mbili! Ile ya mende nilimsomea mke wangu, akamwaga chai."

"Ya mende ni nzuri," Mama Oliva alikiri. "Nimekuja uifute."

Mrisho akaacha kupima.

"Umekasirika?"

Swali hilo, kwa watani, halina mzaha hata chembe. Mtani hakasirikiwi. Akikuita mchawi, unamwita mwizi. Akichukua kuku wako, unamuuliza kama na mayai anayataka. Ukikasirika umeuvunja utani wenyewe, uliowekwa na babu zenu ili watu wasiuane, na siku ukifa hakuna atakayekuja kukucheka.

"Sijakasirika," alisema Mama Oliva haraka.

"Maana umekunja uso."

"Ni jua la Masasi."

"Sasa kama hujakasirika nifute kwa nini? Unataka niandike nyota tano? Nyota tano nampa mtu nisiyemjua! Watu wakiona Mrisho kampa Mama Oliva nyota tano watasema nini? Watasema hawa wamegombana, kuna kesi."

Ndipo Mama Oliva akamweleza yote: wageni kumi na sita, Ijumaa, lori, kuta za katikati. Alipofika kwenye kuta sauti ilimkatika kidogo, akainywa soda yote kuificha.

Mrisho akashuka kwenye lundo. Mtu huyu aliyemwita mkali mbele ya dunia nzima alitoa simu na miwani, akaanza kutafuta pa kufutia. Lakini akaunti alifunguliwa na binti yake Hajira aliyeko Mtwara, kwa namba ya simu iliyokwisha kuanguka chooni. Alijaribu neno la siri mara tatu: jina la mkewe, jina la mama yake, jina la timu yake. Mara ya tatu Lalapo ikamfungia.

"Kufuta haiwezekani," alisema. "Ila kuongeza inawezekana. Wakiandika wengi, langu hili moja si litazama?"

Oliva akafikiri, akakubali. Hesabu ilikuwa sahihi.

"Nina kundi la simu, Watani wa Kusini, watu mia mbili na kitu," Mrisho alisema, akiandika kwa kidole kimoja. "*Mtani wetu Mama Oliva wa Newala yuko shidani. Kila mtu aingie Lalapo amwandikie. Tumsaidie.*"

"Waambie nyota tano, Baba Hajira," Oliva akasisitiza.

"Ni watu wazima, watajua wenyewe." Akavua miwani. "Ila nawe mchumba una kosa. Nilikuja na magodoro thelathini kwenye gari, ukanionyesha kibao. Yakalala nje kwenye ukungu wenu. Asubuhi yalikuwa mazito kama wajawazito."

"Ni kiwango, Baba Hajira. Mizigo ya biashara—"

"Kiwango cha nani? Msimu huo unafunguka. Wakulima wote wa nyanda watapata hela, na sisi wote wa Masasi tunapanda kuwauzia. Magodoro, vyombo, bati, pikipiki. Kila mwaka tunalala chini ya magari kulinda mizigo. Loji ziko, zinamngoja mtu wa polepole."

Njia nzima ya kurudi Mama Oliva alikuwa akihesabu kwa vidole majina ya wafanyabiashara aliowahi kuwaona wamelala chini ya magari.

Maoni yalianza kuingia Jumatano alfajiri.

La kwanza lilikuwa la Mwanakombo, Mmakhuwa anayeuza vyombo Masasi, mwanamke aliyewahi kulala Mwinuko mara mbili na kuisifia mpaka msikitini. "*Nilikwenda na mume nikarudi na mume yule yule,*" aliandika. "*Hoteli gani isiyobadilisha kitu? Nyota moja.*"

"Hapana," Oliva alisema kwa sauti ndogo. "Hapana, hapana."

Akafuata Mmwera wa Nachingwea: "*Upepo wa hapo ulinivua kofia ukavuka nayo Msumbiji. Nimeomba pasi ya kusafiria niifuate. Nyota moja.*"

Akafuata Mngoni wa Songea: "*Sijawahi kufika. Inatosha kujua ni ya Wamakonde. Nyota moja.*"

Wakafuatana kama siafu. Ungeweza kuona upendo wao: kila mmoja alikaa, akafikiri, akachagua neno lake kama mtu anayechagua kitenge cha kumpelekea mkwe. Kuna mmoja alithubutu kutoa nyota mbili, wenzake watano wakamrukia kumuuliza amehongwa nini. Adhuhuri maksi zikawa nne nukta moja. Mama Oliva, aliyekuwa ameapa kunyamaza, alivumilia mpaka kwa Mngoni. Hapo akamnyang'anya binti yake simu.

"Andika hivi kwa huyo: *Usije. Shuka zetu ni fupi, na ulimi wako hauna pa kukunjwa.*"

"Mama, mwenye hoteli hamjibu mgeni hivyo!"

"Si mgeni, ni Mngoni. Andika."

Jibu hilo likawa petroli kwenye moto. Kufikia Alhamisi jioni maoni yalikuwa arobaini na moja, na Mwinuko ilikuwa na maksi tatu nukta mbili. Oliva aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu, kisha akawaandikia kampuni barua ya kurasa tatu akieleza utani ni nini, ulianza lini, na kwa nini watu hawa ndio wanaompenda mama yake kuliko watu wote duniani.

Ijumaa asubuhi wakajibu. Mashine ilikuwa imefasiri tena.

"*Mpendwa Meneja. Asante kwa maelezo ya mgogoro wa kikabila. Kitengo chetu cha usalama kimehesabu makabila matano yanayopigana na mmoja anayetishiwa ulimi. Kundi limeelekezwa Ureno. Tunawaombea amani.*"

Mama Oliva aliomba asomewe mara ya pili. Halafu akatoka nje, akasimama kwenye ukingo, akaangalia bonde. Oliva alimwona kwa mgongo tu, mabega yamelegea kama ya mtu aliyetua mzigo mahali si pake, akashindwa kuvumilia. Akampigia Mrisho simu akilia.

"Nani kafa?" Mrisho akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Loji. Mjomba anakuja Jumatatu na lori."

"Kwa hiyo inazikwa Jumatatu."

"Ndiyo, Baba Hajira."

"Na mlitaka kuzika bila watani?" Sauti ya Mrisho ilipanda kwa uchungu wa kweli. "Mchumba, hayo ni mazishi au ni kutupa taka?"

Lori la Anderson lilipanda Jumatatu saa nne asubuhi, limejaa magunia matupu, kreti za misumari na mafundi wawili wa kubomoa. Anderson alikaa mbele karibu na dereva, amevaa koti la suti. Mama Oliva alikuwa mlangoni na funguo zote nane kwenye pete moja. Alikuwa amefagia kila chumba. Hakutaka waseme walikuta pachafu.

"Dada," Anderson alisema akishuka, si kwa ubaya. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alijibu, akaunyosha mkono wenye funguo.

Hapo kikasikika kilio.

Kilitoka barabara ya Masasi, kikubwa, cha watu wengi, cha msiba hasa. Zikatokea gari tatu aina ya Noah na nyuma yake gari la magodoro, na juu ya magodoro alikuwa Mrisho, khanga kichwani kama mama mfiwa, akijipiga kifua.

"Mwinuko weee! Umetuacha na nani!"

"Ulikuwa na maji kidogo!" Mwanakombo akaitikia kutoka dirishani. "Umetuachia machozi mengi!"

"Nani kawaita hawa?" Anderson akafoka.

"Msiba una mwaliko, shemeji?" Mrisho alishuka, akampa mkono wa pole. "Pole sana. Alikuwa mbaya, lakini alikuwa wetu."

Na kabla Anderson hajajibu walikwisha kupita. Kila mtu wa Kusini anajua mtani hufanya nini mazishini: huingia kaburini kabla ya maiti, hujilaza, hukataa kutoka. Hapigwi. Hatukanwi kwa hasira. Anabembelezwa mpaka aridhike mwenyewe. Waliingia wawili wawili, na masufuria yao na mabeseni na marobota ya vitenge, wakapita chini ya kibao cha Oliva bila hata kukisoma. Mrisho akachukua namba nne. Mwanakombo akachukua namba moja na mumewe yule yule. Milango ikafungwa moja baada ya nyingine, na kutoka ndani zikasikika springi za vitanda.

"Tokeni!" Anderson aligonga namba nne. "Hii ni nyumba, si kaburi!"

"Basi na magunia hayo ulikuwa unamzika nani?" sauti ya Mrisho ikajibu kutoka ndani.

"Nitawatoa kwa nguvu!"

"Amekasirika," sauti ya Mwanakombo ikasema kupitia ukuta, kwa huzuni. "Jamani, mtani amekasirika."

Anderson akaacha kugonga papo hapo. Akavuta pumzi. Akavua koti. Ilibidi aseme kwa upole, na upole hakuuzoea. "Mnatoka lini, watani wangu?"

"Msimu ukiisha."

"Watani hawalipi! Chumba cha mtu asiyelipa ni kitupu!"

"Kaburini ndiyo hatulipi," Mrisho akasema, akifungua mlango kidogo. "Hotelini tunalipa, tena tunalalamika. Mchumba! Leta kitabu cha wageni!"

Oliva akaja na kitabu, mbio. Wakaandika mmoja baada ya mwingine: jina, kabila, utokako, uendako. Kwenye siku za kukaa, wote wakaandika: *msimu mzima*. Walikuwa watu wenye biashara ya miezi miwili mbele yao, na kwa mara ya kwanza walikuwa na mahali pa kuwekea mabeseni. Oliva alipomaliza kuandikisha chumba namba saba, alipanda kiti, akakishusha kibao chake mwenyewe, akakipeleka jikoni kwa Filemoni kuwashia moto.

Anderson alikuwa akihesabu milango. Akahesabu tena. Uso ukamchanua.

"Namba nane!" akapiga kelele. "Namba nane kitupu! Tulisema vyote vinane!"

Kila mtu akageuka. Ilikuwa kweli. Mmwera wa Nachingwea aliyekuwa achukue namba nane, gari lilimharibikia njiani. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa vizuri, hakuna mtu. Mrisho, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaishusha khanga kutoka kichwani.

Ndipo lori lilipozimwa. Dereva wake, Dauda, kijana mrefu ambaye asubuhi nzima alikuwa ametulia kwenye usukani akitazama, alishuka taratibu, akafunga mlango, akapita katikati ya watu, akaingia namba nane, akajilaza na viatu vyake.

"Dauda!" Anderson alisema. "Unafanya nini?"

"Samahani, tajiri," Dauda akajibu akiangalia dari. "Mimi nilikuwa Myao kabla sijawa dereva."

Shangwe iliyotoka hapo waliisikia mpaka Mkunya. Anderson alisimama ukumbini na koti mkononi. Alimtazama dereva wake, akawatazama mafundi wake, ambao walikuwa wamekwisha kukaa jikoni na bakuli za supu. Alifungua kitabu cha wageni, akasoma kurasa mbili, polepole, kama anayetafuta kosa la mwandiko. Akakifunga. Kona ya mdomo wake ilikuwa ikipigana naye, naye alikuwa akishindwa.

"Nilisema sitalisema tena mpaka nife," alimwambia dada yake.

"Ukifa tutakuja!" Mrisho akamhakikishia.

Magunia yalikwenda kwenye ghala la chama cha ushirika, na lori likaendeshwa na fundi, maana Dauda alikataa kuamka.

Alasiri ile Mama Oliva alikuwa mapokezi, akitukanwa kutoka vyumba vinane kwa pamoja kuhusu sabuni, akiwajibu mmoja mmoja bila kupumzika, mara wakatokea wazungu wawili, kijana na msichana, kwa baiskeli, wekundu kwa jua na vumbi la kupanda mlima. Waliegesha, wakafuta jasho, wakauliza kwa tabasamu kubwa kama kuna chumba.

Oliva akaruka kutoka kitini. Hao ndio hasa aliowasomea miaka miwili. Akamgeukia mama yake.

"Baba Hajira ana magodoro," alinong'ona haraka. "Tunaweza kuwatandikia ukumbini—"

"Tutawatandikia," Mama Oliva alisema. "Na supu watakunywa. Lakini subiri kwanza."

Alijifunga khanga vizuri. Akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Katika miaka yote ya kumiliki nyumba ile hakuwahi hata mara moja kulisema neno alilokuwa nalo mdomoni, na hakutaka limtoke kwa pupa.

"Karibuni sana," aliwaambia. "Nyumba imejaa."

Wazungu wakaendelea kutabasamu. Kutoka namba nne mtu aliuliza kwa sauti kuu kama mito ya hapa imejazwa mawe.

"Waambie kwa Kiingereza, mwanangu," Mama Oliva alisema, "wasije wakadhani natania."